Tunawatukana Wakunga kwa Sheria

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kila aliyepita shule ya msingi nchini Tanzania amewahi kuikamilisha methali hii katika mtihani wa Kiswahili, na wengi wetu tuliishia hapo. Tuliielewa kuwa ni onyo la adabu: chunga ulimi wako, kesho utamhitaji uliyemdharau leo. Nadai katika makala haya kwamba taifa letu linawatukana wakunga kila siku bila kufungua mdomo. Linawatukana kwa mitaala, kwa miundo ya utumishi na kwa namna linavyoisimamia taaluma yao. Na kwa kuwa uzazi ungalipo, gharama ya tusi hilo inalipwa na wanawake na watoto wachanga.

Nianze na jambo lililotokea katika familia yangu, maana ndilo lililonisukuma kuandika. Binti wa dada yangu alihitimu stashahada ya uuguzi na ukunga, akapata leseni, akaajiriwa katika zahanati moja ya kijijini. Wiki yake ya tatu kazini alikuwa zamu ya usiku pamoja na mhudumu wa afya mmoja, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Saa nane usiku, mwanamke aliyejifungua salama nusu saa kabla akaanza kutoka damu nyingi. Mpwa wangu alizijua hatua zote kwa kichwa. Alikuwa amezijibu katika mtihani na kupata alama nzuri. Lakini mikono, kwa maneno yake, iligoma. Yule mama mhudumu ndiye aliyelisugua tumbo mpaka mji wa mimba ukajikaza; ndiye aliyemkumbusha binti achome oksitosini na kukitoa mkojo kibofuni; ndiye aliyemtuma mlinzi akamwamshe mwenye gari. Mwanamke alipona.

Asubuhi nilipigiwa simu. "Shikamoo, mjomba," akasema, kisha akanyamaza kwa muda. "Mjomba, yule mama hana cheti hata kimoja. Mwenye leseni ni mimi."

Nikamuuliza alizalisha wanawake wangapi kwa mikono yake mwenyewe alipokuwa chuoni. Kitabu chake cha mafunzo kwa vitendo, akanijibu, kilionyesha idadi yote iliyotakiwa, na kila mstari ulikuwa na sahihi. Kwa mikono yake ni wanne. Waliobaki aliwaona akiwa nyuma ya mabega ya wenzake, wanafunzi kumi na mmoja wa vyuo vitatu wakizunguka kitanda kimoja. Sahihi zilipatikana kwa kupanga foleni nje ya ofisi ya muuguzi kiongozi mwisho wa mwezi.

Msomaji, usiharakishe kumlaumu binti huyu. Wala usimlaumu muuguzi aliyetia sahihi, ambaye siku hiyo alikuwa na wagonjwa wake mwenyewe, wazazi wawili waliokaribia kujifungua na lundo la wanafunzi ambao hakuna aliyemuuliza kama ana nafasi ya kuwafundisha. Mimi si mganga. Nafundisha utawala wa umma, na nimezoea kuuliza swali moja kila jambo linapoharibika: ni nani aliyepewa mamlaka ya kulizuia lisiharibike, na kwa nini hakuyatumia? Nilipolifuatilia swali hilo katika suala la ukunga sikufurahishwa na majibu niliyoyapata.

Takwimu za kujivunia tunazo, na nisingependa kuzipuuza. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, yenye njia yao ya kukadiria, yalitupa 238 kwa mwaka 2020, lakini hata kwa hesabu zao vifo vimepungua. Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipokea jijini Dar es Salaam tuzo ya Goalkeepers ya Taasisi ya Gates kwa mafanikio hayo. Kati ya tafiti hizo mbili, wanawake wanaojifungulia katika vituo vya afya waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81. Hiyo ni kazi kubwa: vituo vilijengwa, vyumba vya upasuaji vikafunguliwa, mfumo wa usafiri wa dharura wa M-Mama ukaenea nchi nzima.

Sasa soma mstari wa chini katika ripoti zilezile. Vifo vya watoto wachanga, yaani wale wanaokufa ndani ya siku 28 za kwanza, vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 2015/16. Mwaka 2022 vilikuwa 24. Katika kipindi hicho hicho vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano kwa jumla vilishuka kutoka 67 hadi 43. Chanjo na vyandarua vimewaokoa waliokwisha kuvuka mwezi wa kwanza, lakini walio ndani ya mwezi huo wamebaki karibu palepale, ingawa mama zao sasa wanafika kituoni kwa wingi kuliko wakati wowote katika historia ya nchi hii. Wengi wa watoto hao hufa siku ile ile ya kuzaliwa au siku chache baadaye: kwa kushindwa kupumua, kwa kuzaliwa kabla ya wakati, kwa maambukizi. Uhai wao hutegemea mtu aliyesikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa wakati, aliyejaza patografu kwa uaminifu badala ya kuijaza baada ya tukio, aliyeshika mfuko na barakoa ya kumpulizia hewa ndani ya dakika ile ya kwanza. Mtu huyo ni mkunga. Mama tumemfikisha mlangoni. Bado hatujamhakikishia ujuzi wa atakayempokea.

Huyo mkunga tunamwandaaje? Shirikisho la Kimataifa la Wakunga limeweka viwango vya chini vya elimu: anayeingia moja kwa moja katika ukunga asome miaka isiyopungua mitatu, na aliye tayari muuguzi asome ukunga kwa miezi isiyopungua 18. Angalau nusu ya masomo iwe ni vitendo. Sasa tazama stashahada yetu ya kawaida. Inachukua miaka mitatu, na ndani ya miaka hiyo mitatu kuna uuguzi wote na ukunga wote. Mwanafunzi anajifunza kumuuguza mwenye kisukari, mwenye kichaa, aliyevunjika mguu, mtoto mwenye utapiamlo, na humo humo, katika vipande vya muhula, anajifunza kumzalisha mwanamke. Kwenye ngazi ya cheti muda ni mfupi zaidi. Mwisho wa yote anapewa jina lenye maneno mawili, uuguzi na ukunga, kana kwamba kuunganisha maneno kwa "na" kunaunganisha pia taaluma.

Ipo shahada ya ukunga inayojitegemea, Chuo Kikuu cha Muhimbili kinaitoa, na ni hatua ya kupongezwa. Lakini wanaozalisha wanawake katika zahanati za Kibondo, Tandahimba au Sikonge si wahitimu wa shahada hiyo. Na hapa kuna jambo ambalo kila nikilitaja darasani wanafunzi hudhani natania. Mhitimu wa shahada ya uuguzi hupitia mwaka mmoja wa mafunzo tarajali hospitalini, chini ya macho ya wakubwa wake, kabla ya kuachwa afanye kazi peke yake. Mhitimu wa cheti au stashahada hana mwaka huo. Kwa maneno mengine, aliyesoma muda mrefu na atakayefanya kazi katika hospitali yenye madaktari tunampa mwaka wa ziada wa kujifunza; aliyesoma muda mfupi, na ambaye huenda akaachwa usiku peke yake kilomita 40 kutoka kwa daktari wa karibu, tunampa leseni na barua ya kuripoti kazini.

Turudi kwenye swali la mamlaka. Tunayo Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na tunalo Baraza la Uuguzi na Ukunga linalosajili, kutoa leseni na kusikiliza mashauri ya nidhamu. Baraza limeanzisha mtihani wa leseni na linadai elimu endelevu ili leseni ihuishwe. Ni mambo mema. Lakini chuo husajiliwa na NACTVET, mtaala na mitihani ya ngazi ya kati husimamiwa na Wizara ya Afya, na leseni ndiyo hutolewa na Baraza. Hospitali ya mafunzo, mahali ambapo mkunga hutengenezwa au huharibiwa, iko chini ya halmashauri, chini ya mkoa au chini ya shirika la dini. Chuo kipya kinapoomba usajili huonyesha madarasa, maktaba, mwalimu mwenye shahada na barua ya hospitali inayokubali kupokea wanafunzi. Vyuo vitatu vyaweza kuwa na barua ya hospitali ileile. Nani anayehesabu? Nani anayelinganisha idadi ya wanawake wanaojifungua hospitalini kwa mwezi na idadi ya wanafunzi wanaotakiwa kuwazalisha? Hesabu hiyo ni ya darasa la nne, kugawanya tu, na ingetosha kuwafungia milango wanafunzi wa ziada kabla hawajalipa ada.

Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2005 kuhusu utambuzi wa taaluma, humtaka mwanafunzi wa ukunga azalishe yeye mwenyewe wanawake wasiopungua 40, au 30 ikiwa amesaidia kuzalisha wengine 20. Ninaitaja idadi hiyo kwa sababu ni ahadi anayopewa mwanamke ambaye hatamwona kamwe mwanafunzi huyo akisoma. Ahadi ya namna hiyo ina thamani pale tu inapokaguliwa. Kitabu kilichojaa sahihi za foleni ni hati ya uongo yenye mhuri wa serikali, hata kama kila aliyeitia sahihi ni mtu mwema.

Mtihani wa leseni haurekebishi kosa hili. Maswali ya kuchagua jibu hupima kumbukumbu, na mpwa wangu kumbukumbu alikuwa nayo.

Ushahidi wa kile kinachofanya kazi hatuhitaji kuufuata mbali, uko Mbulu. Mwaka 2009 Tanzania ilianza kutoa mafunzo mafupi ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, na katika hospitali nane zilizofuatiliwa vifo vya ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47. Lakini watafiti wa hospitali ya Haydom waligundua jambo lililopaswa kumkosesha usingizi kila mratibu wa semina nchini. Baada ya mafunzo ya siku moja, wakunga walifanya vizuri zaidi mbele ya mwanasesere wa mazoezi. Mbele ya mtoto halisi, kazi yao haikubadilika. Hospitali ikabadili utaratibu: mazoezi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale chumba cha kujifungulia, yakiongozwa na wenzao wa hapo hapo. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Utaratibu huo ukakuzwa, ukiambatana na vifaa bora vya kupima mapigo ya moyo wa mtoto, hadi vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwanzoni mwa 2025 yanaonyesha vifo vya watoto kabla na punde baada ya kuzaliwa vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000, na vifo vya wazazi katika vituo hivyo vikipungua kwa takribani robo tatu.

Hayo yamefanywa na wakunga wa Kitanzania, katika vituo vya Kitanzania. Basi kwa nini ni mradi? Kwa nini elimu endelevu inayotambuliwa kwa ajili ya kuhuisha leseni bado yaweza kuwa ni kukaa ukumbini, kusikiliza wasilisho, kunywa chai na kusaini mahudhurio? Baraza lina uwezo wa kuandika kanuni kwamba anayezalisha wanawake hahuishi leseni bila kuonyesha mazoezi ya mikono yaliyofanyika kazini kwake, kila mwezi. Mradi huisha fedha za mfadhili zikiisha, lakini kanuni hubaki mpaka mtu aifute, na atakayeifuta lazima aeleze kwa nini.

Sasa nidhamu, eneo ambalo tusi linavaa suti. Wote tumeuona mtindo huu. Mama amejifungulia sakafuni, au mtoto amefariki, au video imesambaa. Kesho yake kiongozi wa kisiasa anafika na kamera, anauliza mbele ya umati "nani alikuwa zamu?", na muuguzi mmoja anasimamishwa kazi papo hapo huku watu wakipiga makofi. Kiongozi anaondoka. Hakuna aliyeuliza zamu ile ilikuwa na watu wangapi, damu ilikuwapo, gari lilikuwapo, wala binti yule alikuwa amezalisha wangapi kabla ya kupewa leseni. Mimi naita hii ramli. Usimamizi wa taaluma ni pale mkunga anapopelekwa mbele ya wakunga wenzake wenye mamlaka ya kisheria, shauri likachunguzwa kwa kumbukumbu, likaamuliwa kwa sababu zilizoandikwa, na chuo kilichomfundisha pamoja na kituo kilichomwajiri vikaitwa kujibu. Utaratibu wa namna hiyo humlinda mkunga asionewe. Vilevile humlinda mwanamke, kwa kuwa mkunga anayestahili kufutwa hufutwa kwenye daftari, asihamishiwe wilaya nyingine.

Maana wanaostahili kufutwa wapo, tusijidanganye. Utafiti uliofanywa mkoani Tanga uliwauliza wanawake walipokuwa wakitoka vituoni kama walidhalilishwa wakati wa kujifungua: karibu mmoja kati ya watano alisema ndiyo. Walipohojiwa tena wiki kadhaa baadaye, wakiwa nyumbani kwao, zaidi ya robo walisema ndiyo. Kutukanwa, kupigwa, kuachwa peke yao. Wangapi kati ya wanawake hao walijua kwamba lipo Baraza ambalo kazi yake ni kupokea malalamiko yao? Mwanamke wa Korogwe anajua pa kumshtaki aliyemdhulumu shamba. Hajui pa kumshtaki aliyempiga kofi akiwa katika uchungu.

Kuna tusi jingine ambalo watumishi wa umma wanaosoma hapa wanalifahamu kuliko mimi. Soma matangazo ya ajira serikalini. Utakuta Muuguzi, Afisa Muuguzi Msaidizi, Afisa Muuguzi. Neno mkunga, kama limo, limo ndani ya majukumu au sifa za mwombaji, na si katika jina la kazi. Madhara yake si ya heshima tu. Mtu asiyekuwa na kada hana ngazi ya kupanda akiwa mkunga. Hupandishwa cheo kama muuguzi, huhamishwa kama muuguzi. Leo yuko chumba cha kujifungulia, mwezi ujao wodi ya upasuaji, mwaka kesho kliniki ya macho. Miaka mitano ya ujuzi wa kutambua mtoto aliyechoka tumboni inahamishwa kwa barua ya mistari mitatu. Na muundo wa kada hauhitaji Bunge. Ni waraka wa Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Mtu mmoja mwenye kalamu na nia aweza kuanza kazi hiyo Jumatatu.

Hoja za kupinga nazijua, nyingine nimezisikia katika vikao nilivyokaa. Ya kwanza husema: nchi ina upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ukipandisha vigezo utaongeza upungufu. Hoja hii ingekuwa na uzito kama maelfu ya wahitimu wa kada za afya wasingekuwa mitaani wakisubiri vibali vya ajira. Tunazalisha wahitimu wengi kuliko vitanda vya kuwafundishia, kisha tunaajiri wachache kuliko wagonjwa wanavyohitaji, halafu tunatumia uhaba tulioutengeneza wenyewe kama kisingizio cha kutokagua ubora.

Hoja ya pili huja kwa sauti ya upole: bibi zetu walizalisha vijiji vizima bila shahada. Ni kweli, na wanawake wengi walikufa mikononi mwao kwa sababu hawakuwa na dawa wala damu wala kisu cha daktari. Lakini wanaoitumia hoja hii wamesahau mkunga wa jadi alivyopatikana. Alimfuata mama yake au shangazi yake kwa miaka, akishika taa, akichemsha maji, akipokea mtoto chini ya mkono wa mkubwa wake, mpaka jamii yenyewe ikamwamini. Hakuna kijiji kilichomkabidhi binti uzazi kwa sababu aliwahi kusimama nyuma ya wenzake kumi. Kwa kipimo cha vitendo, bibi huyo asiyejua kusoma alikuwa na masharti makali kuliko vyuo vyetu kadhaa.

Ya tatu ni fedha. Nitasema kifupi. Hesabu zilizochapishwa na jarida la Lancet Global Health mwaka 2020 zilionyesha kwamba huduma za ukunga zikimfikia kila mhitaji katika nchi zenye vifo vingi, theluthi mbili hivi ya vifo vya wazazi na vya watoto wachanga vingeweza kuepukwa. Anayesema hatuna fedha atuonyeshe alikopata njia nafuu zaidi.

Wapo pia wanaodai kwamba kuutofautisha ukunga na uuguzi ni ubaguzi wa kigeni. Basi tuangalie tulikorithi mfumo wa mabaraza. Uingereza ilipitisha Sheria ya Wakunga mwaka 1902, miaka 17 kabla ya sheria ya kusajili wauguzi ya mwaka 1919. Wakunga walitangulia. Leo nchi hiyo ina baraza moja la taaluma zote mbili kama sisi, lakini wakunga wana sehemu yao katika daftari, viwango vyao vya umahiri na masomo yao. Sweden iliwasomesha na kuwapa leseni wakunga wake tangu zamani, na tangu mwaka 1829 ikawaruhusu waliofuzu kutumia vyombo vya kumtoa mtoto aliyekwama. Karibu na mwaka 1920, vifo vya uzazi huko vilikuwa chini ya 300 kwa vizazi 100,000, wakati Marekani, nchi tajiri zaidi iliyowapiga vita wakunga wake, ilikuwa karibu na 700. Na kwa wasiopenda mifano ya Ulaya, jirani yetu Rwanda mwaka 2007 iliacha kuandaa wauguzi katika ngazi ya sekondari, ikaanzisha vyuo vya ngazi ya juu zaidi vyenye programu ya ukunga inayojitegemea. Vifo vya uzazi huko vilishuka kutoka 750 mwaka 2005 hadi 203 mwaka 2019/20. Sisemi ni ukunga peke yake uliofanya hayo. Bima ya afya na wahudumu wa vijiji walichangia sana. Nasema hawakuogopa kupandisha kiwango wakiwa na uhaba mkubwa kuliko wetu.

Kwa hiyo sidai baraza jipya lenye jengo jipya na magari mapya. Nadai sheria ya 2010 ifanyiwe marekebisho ili ukunga uwe na daftari lake, viwango vyake na kamati yake ndani ya Baraza, kamati ambayo wengi wa wajumbe wake ni wakunga wanaofanya kazi ya ukunga, na ambayo mashauri na mitaala ya ukunga haipiti bila idhini yake. Chama cha Wakunga Tanzania kipo, kishirikishwe kuwateua. Baraza lipewe uwezo wa kuweka ukomo wa wanafunzi kwa kila chuo kulingana na idadi ya wanaojifungua katika hospitali kinazozitumia, na lichapishe hesabu hiyo kila mwaka mahali ambapo mzazi anayetaka kulipa ada anaweza kuisoma. Kila mhitimu wa cheti na stashahada atakayezalisha wanawake apitie miezi ya mafunzo tarajali katika hospitali yenye kazi nyingi, akilipwa posho, kabla ya kupelekwa zahanati. Kama fedha hazitoshi kwa wote, tuanze na wale wanaokwenda kukaa peke yao.

Wanafunzi wa vyuo vya afya, najua mnasoma hapa, wengine mnaniandikia. Msikubali sahihi ya uzazi ambao hamkuusimamia. Mkikataa mmoja mmoja mtaonekana wakaidi. Mkikataa darasa zima chuo kitalazimika kwenda kutafuta hospitali nyingine. Andikeni idadi halisi, muihifadhi, na muitume kwa Baraza kwa majina ya vyuo.

Mpwa wangu aliomba likizo bila malipo. Anakwenda kila siku katika hospitali yenye kazi nyingi, kwa nauli yake, akisimama chini ya mkunga mmoja mzoefu aliyekubali kumfundisha bila kulipwa na mtu yeyote. Ameanza kitabu kipya, daftari la kawaida la kurasa 96, na humo haandiki mzazi ambaye hakumzalisha yeye mwenyewe. Jumapili iliyopita alikuwa amefika kumi na tisa.